Usikubali Kusomewa

Mjukuu wangu mpendwa,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, polepole, mchana wakati mwanga unatosha. Kaka yako alitaka niseme yeye aandike kwenye simu yake. Nilimshukuru, nikamwomba aninunulie daftari. Mambo ya shamba na nyumba wazee wameshayaweka katika maandishi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na sina la kuongeza hapo. Lililobaki ni sanduku la bati chini ya kitanda changu. Halimo katika karatasi zao kwa sababu hakuna aliyeliona kuwa ni mali. Hilo ni lako, na kabla hujalifungua nataka ujue vitabu vilivyomo vimefanya nini katika nyumba hii.

Kuacha wosia wa maandishi si jambo geni kwa wanawake. Mwana Kupona wa Pate, katikati ya karne ya 19, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa kumwongoza maishani. Nimeusoma zaidi ya mara moja. Yapo aliyomwagiza bintiye juu ya kumtumikia mume ambayo mimi sikuagizi, na ningekuwa jirani yake ningemwambia hivyo kwa adabu. Lakini aliona kwamba binti anastahili kuachiwa maneno yaliyoandikwa, aweze kuyarudia mama akiwa kaburini. Hapo namfuata.

Agizo langu kwako ni moja: usikubali kusomewa.

Krismasi ulipokuja tulizungumza habari za Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, mliyofanyia mtihani kidato cha sita. Ulinitajia dhamira zake bila kusita: ukombozi wa mwanamke, ndoa ya kulazimishwa, matabaka, mapambano dhidi ya ukoloni. Nilifurahi. Kisha nikakuuliza, Yasmin alipomwacha mumewe Bwana Raza na jamaa zake wakamkataa, ni nani aliyempokea? Ulinyamaza, ukachukua simu. Kumbe kitabu hukukisoma. Ulisoma muhtasari wake, na chuoni sasa, ulivyonieleza, hata muhtasari mnaandikiwa na mashine iliyo ndani ya simu.

Sikukukaripia siku ile, na leo sikukaripii. Mtihani uliufaulu. Ila aliyempokea Yasmin ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, aliyemfungulia mlango na kugawana naye kidogo alichokuwa nacho. Mwajuma si dhamira, kwa hiyo hakuingia katika orodha yako. Mimi kitabu kile nakipenda kwa ajili yake.

Nasema haya kwa kuwa nimeishi miaka mingi kwa kusomewa, na najua kinachopotea.

Babu yako, tulipokuwa bado wachanga katika ndoa, alifanya kazi kwenye meli za ziwa, kituo chake kikiwa Kisumu. Barua zake zilifika Nansio, hapa Ukerewe, zikaletwa kijijini na yeyote aliyekuwa akija upande wetu. Mimi sikujua hata kulitambua jina langu juu ya bahasha. Jumapili baada ya Misa alikuja kijana mmoja aliyefika darasa la nne, akaketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mama mkwe, na sote tukamzunguka. Alisoma vizuri. Salamu nyingi, mimi ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Mpeni mama shilingi kadhaa, mnunue chumvi, mwambieni mjomba nyavu nimezipata. Barua ikiisha nilipewa niiweke. Niliziweka zote katika kopo la majani ya chai, ingawa kwangu zilikuwa karatasi zenye michirizi.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ulipokuwa unamalizika alitaja wilaya sita ambazo alitaka, ifikapo mwisho wa 1971, kusiwe na mtu mzima asiyejua kusoma na kuandika. Zilikuwa Mafia, Masasi, Kilimanjaro, Pare, Dar es Salaam na Ukerewe yetu. Mnaosoma historia chuoni mtapewa takwimu za kampeni ile. Mimi nakupa nilichokiona: wanawake wamekaa chini ya mwembe wa shule saa tisa alasiri, wametoka shambani na matope miguuni, watoto mgongoni, na mbele yao kijana aliyemaliza darasa la saba akiandika ubaoni herufi kubwa. Tuliona haya. Wengine walificha daftari ndani ya kanga njiani. Vitabu vya kisomo vilieleza kilimo cha pamba na uvuvi, mambo ambayo mikono yetu iliyajua kabla ya macho, na ndiyo maana tulielewa haraka: neno lilipotushinda tulijua tayari linataka kusema nini. Baadaye, kuanzia 1974, lilitujia kutoka Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho, nami nikawa nalisoma mpaka matangazo.

Siku nilipoona naweza, nilifungua lile kopo. Sikuanza na kitabu. Nilianza na barua za mume wangu.

Mtoto wetu wa kwanza alikufa kabla ya kubatizwa, na mimba iliyofuata ikaharibika. Katika miezi ile nilisikia mengi ndani ya nyumba ile, na nilidhani mume wangu, kwa vile hakutaja kitu katika barua, anawaza kama wao. Sasa niliisoma mwenyewe barua iliyoletwa baada ya maziko. Katikati yake, baada ya habari za mjomba na nyavu, alikuwa ameandika kwamba anamwota mtoto, na kwamba nisimkubalie mtu yeyote atakayeniambia kosa ni langu, hata akiwa mama yake. Mistari mitano au sita. Sikuwa nimepata kuisikia.

Msomaji wetu alikuwa kijana mwema, na ninamwombea mpaka leo. Aliiruka mistari ile kwa sababu mama mkwe alikuwa ameketi pale pale, na angeisomaje? Alimstahi mzee. Mjukuu wangu, huo ndio ubaya wa kusomewa, hata ukisomewa na mtu anayekupenda. Msomaji wako ana haya zake, ana haraka zake, ana watu anaowaogopa, na mahali atakaporuka ndipo palipoandikwa kwa ajili yako. Hiyo mashine yako haina haya, naelewa. Lakini haikujui. Haiwezi kutambua kwamba katika kitabu kizima mstari utakaokusimamisha wewe ni huu na si ule. Inakupa kile ambacho kila mtu angepewa.

Kitabu cha kwanza nilichokimaliza kutoka jalada hadi jalada ni Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert. Kilikuwa katika sanduku la maktaba ya kijiji, na nakala iliyomo sandukuni niliinunua Mwanza miaka mingi baadaye. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu vya mama yake kuviuza. Shule hakwenda. Sauti yake ikampeleka mjini, na mwaka 1928 ikampeleka hadi Bombay, ambako nyimbo zake za Kiswahili zilitiwa katika santuri. Siti alipokuwa mzee, karibu na mwisho wa maisha yake, Shaaban Robert alimfuata, akamsikiliza na kuandika. Mimi nilikuwa nimeanza kusoma juzi tu, na nilikuwa nadhani vitabu huandikwa juu ya wafalme na watakatifu. Nikaona humo mwanamke aliyebeba vyungu kichwani, ameandikwa kwa heshima ile ile. Tangu hapo niliacha kusema mbele za watu kwamba mimi si kitu, mkulima tu. Shangazi zako walinisikia nikilisema hapo zamani. Wewe hujapata kunisikia.

Kuna kitabu chembamba humo ambacho jalada lake nimeliviringishia karatasi ya mfuko wa saruji. Ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Kilitoka 1971, mwaka ule ule tuliokuwa chini ya mwembe, na kimeandikwa na mtoto wa kisiwa hiki, mzaliwa wa Namagondo. Kwa muda kilikatazwa mashuleni. Kijijini kilikuja na mpwa wangu mwalimu, na kabla sijakiona nilikwisha kusikia kuwa ni kitabu cha matusi. Niliwauliza waliosema hivyo wanionyeshe ukurasa. Hakuna aliyekuwa amekisoma. Waliambiwa na mtu, na yule mtu aliambiwa.

Nilikisoma kwa kibatari kwa usiku kadhaa, na kilinitisha kweli, ila si kwa sababu waliyoitaja wao. Zakaria, baba yake Rosa, anakuta barua ya mvulana aliyempenda binti yake, anampiga mpaka kumwumiza, kisha anamlinda kwa ukali usio na neno hata moja la mafundisho. Binti anafika shule ya mbali hajui mwanaume ni nani wala namna ya kumkatalia. Yanayomfuata ni mauti. Sisi sote tuliwalea binti zetu vile. Baba zetu walitulea vile.

Shangazi yako mkubwa alikuwa darasa la saba nilipoona barua ndani ya daftari lake la hesabu. Babu yako alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Niliirudisha bila kuikunjua. Jioni nilimwita jikoni, tukamenya mihogo, nikamwambia nimeiona barua, sijaisoma, na kama anataka ushauri mimi ni mama yake. Ilimchukua siku kadhaa kufungua mdomo. Akafungua, na tukazungumza mambo ambayo mama yangu hakupata kunieleza hata siku ya harusi yangu. Leo yeye ni muuguzi mkuu wa zahanati, na barua za watoto wake hazifungui.

Sasa nije kwa kitabu kikubwa. Kina juzuu mbili, na jina lake peke yake linajaza mstari: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi ni mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, akasoma kwa wamisionari, akaishi Kagunguli hapa hapa kisiwani. Alimaliza kukiandika mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakuna mchapishaji aliyekuwa tayari kutoa kitabu kirefu namna ile kwa lugha ya watu wachache. Mzee hakukichoma wala hakukitupa darini. Uzeeni alikaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa 1980. Mwaka uliofuata alifariki, kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Kila nikikifungua nawaza hilo, na sijalizoea.

Watu husema kinachosha. Ni kweli kwamba hakina haraka. Mtu akienda ukweni utasikia salamu zote na majibu yake yote. Pombe ya ndizi itapikwa mpaka wewe msomaji ujue kuipika. Mitumbwi, uvuvi, dawa, maziko, namna ya kumkaribisha mgeni na namna ya kumsindikiza, vyote vimo. Mzee aliona mambo yale yanapotea, akayahifadhi kwa ajili yetu, na mtu anayemwambia afupishe hajaelewa aliandika kwa nini. Jaribu kukitafutia muhtasari. Utaambiwa: mume na mke wasio na mtoto, hatimaye wanampata. Basi. Hapo kitabu kizima kimebaki nje.

Bugonoka mimba zake zinaharibika na watoto hawaishi. Ndugu za mume wanamsema, na wazazi wake kwa uchungu wanakuja kumchukua mtoto wao. Myombekere anabaki peke yake, mwanaume katika nyumba isiyo na moto. Angeweza kuoa mwingine, ndugu zake hawakutaka zaidi ya hilo. Yeye anakwenda ukweni kumfuata mkewe, anatozwa pombe, anahangaika kuipika na kuipeleka, anavumilia. Mimi niliyezika mtoto na kusemwa nilisoma kurasa zile nikikumbuka mistari ile michache ya babu yako.

Na hapa nakueleza jambo ambalo huenda mama yako hajakuambia. Alipoolewa na baba yako, miaka ilipita bila mtoto. Mimba mbili zilitoka. Wazee wa ukoo wakaanza kukaa vikao, na wakanitegemea mimi, mama mkwe, niseme neno la mwisho la kumrudisha kwao. Nilimwita baba yako nikampa juzuu ya kwanza. Sikumweleza kilichomo. Nilimwambia akae nayo asome mwenyewe. Alikuwa akienda nayo ziwani, na ile alama ya unyevu utakayoiona katikati ya kitabu ni yake. Siku ya kikao alisimama mbele ya baba zake wadogo akasema mke wake haendi popote, na kwamba kama kuna faini ataipika yeye. Wazee walicheka kwa neno lile la kuipika, kwa sababu baadhi yao waliijua habari ya Myombekere tangu utotoni, kwa masimulizi. Mimi nikasema nipo pamoja na mwanangu. Mambo yakaishia pale. Kaka yako alizaliwa baadaye, kisha wewe.

Ningempa baba yako mawaidha yangu badala ya kitabu, angenisikiliza kwa heshima na kufanya walilosema wanaume wenzake. Alihitaji kumwona mwanaume wa kwao, Mkerewe wa zamani kabisa, akimfuata mkewe bila kuona aibu. Hilo mimi nisingeweza kumpa.

Kusadikika ya Shaaban Robert niliisoma nikiwa mtu mzima sana, na sitakueleza hadithi yake kwa kirefu kwa sababu nataka uisome. Ilitoka 1951, Mwingereza akiwa bado anatutawala, na mwandishi alikuwa karani wa serikali ile ile. Karama, mhusika wake mkuu, anashitakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, na kujitetea kwake ni kusimulia, siku baada ya siku, habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita wakaleta mema wakaishia kifungoni. Nilichokichukua humo ni subira ya kusikiliza. Sheria ya mahakama za ardhi ya 2002 ilitaka kila baraza la kata liwe na wanawake watatu, na mimi nilichaguliwa mmoja wao. Wajane wengi waliokuja mbele yetu hawakujua kuanza na mpaka wa shamba. Walianza na ugonjwa wa mume, na mbuzi waliouzwa, na maneno ya msibani. Wenzangu walitaka kuwakatiza: mama, sema hoja. Niliomba waachwe wamalize. Mara nyingi hoja ilikuwa kule kule kwenye mbuzi, kwa sababu aliyenunua mbuzi ndiye aliyekuwa shahidi wa nani alilima wapi.

Macho yangu yanakwisha. Jicho la kushoto limeshaziba, na la kulia daktari anasema tusubiri. Likiziba nalo, nitakubali kusomewa kwa kuwa sitakuwa na njia nyingine, na msomaji ninayemtaka ni wewe. Nisomee neno kwa neno. Ukifika mahali unapoona haya, soma. Ukifika mahali unapodhani bibi amechoka, soma, nitakuambia mwenyewe nikichoka. Na huko chuoni, kama kuna kazi ya mwalimu inayokudai uwe umesoma vitabu vitano na muda unakutosha viwili, soma viwili, umwambie mwalimu ukweli.

Sanduku lote ni lako, lakini nimetenga vitatu. Juzuu mbili za Kitereza zisitoke nje ya nyumba. Anayetaka kuzisoma aje akae hapa, mpe chai. Wasifu wa Siti umpelekee mama mmoja anayeuza dagaa sokoni Nansio, jina lake nitakuambia kwa mdomo. Alikuwa nami chini ya mwembe na kila mwaka ananiuliza kama bado ninacho. Rosa Mistika mpe baba yako mdogo. Binti yake ameingia kidato cha pili na juzi aliniomba ushauri juu ya kumnyang'anya simu aikague. Mwambie bibi amesema asome kwanza kitabu hiki mpaka mwisho, mwenyewe, kisha ndipo tuzungumze habari ya simu.

Bibi yako